Tangu Lini? Mwongozo Kamili wa Kuandika Hali ya Moyo Wako Kila Siku

"Tangu lini?"

Muuguzi aliniuliza hivyo, kalamu mkononi, nami nikamjibu, "Muda mrefu, dada." Akauliza muda mrefu ni wiki, mwezi au mwaka. Nikanyamaza. Unalala vipi? Vibaya. Vibaya kila siku, au siku moja moja? Sikujua. Nilikuwa nimetoka Uyole na daladala ya asubuhi, nimeacha nguo za watu mezani, nimekaa kwenye benchi mpaka miguu ikafa ganzi. Nilipofika mbele ya mtu wa kunisaidia, sikuwa na la kumwambia zaidi ya "sijisikii vizuri".

Mimi ni fundi cherehani, kibanda changu kiko Mwanjelwa, jijini Mbeya. Katika kazi yangu sijawahi kukata kitambaa cha mtu kwa kukumbuka. Kifua, kiuno, mabega, urefu wa mkono, vyote vimo kwenye daftari, maana kitenge kikishakatwa vibaya hakirudi. Moyo wangu mwenyewe ndio nilikuwa naukadiria. Siku ile niliporudi kibandani nikageuza daftari la vipimo, nikaanza kuandika kuanzia ukurasa wa nyuma. Huu ni mwaka wa tatu. Nakueleza ninavyofanya, pamoja na makosa niliyofanya, ili wewe usiyarudie.

Kwa nini usitegemee kumbukumbu

Mtu akiwa na huzuni, akili yake huchota kumbukumbu za huzuni kwanza. Wanasaikolojia wamelichunguza jambo hili kwa miaka mingi, na ukijiangalia utaliona mwenyewe. Ukiulizwa siku mbaya mwezi ulikuwaje, utasema wote ulikuwa giza. Ukiulizwa siku nzuri utasema, "Aa, nilichoka tu, yameisha." Majibu yote mawili unayatoa kwa moyo mweupe, na yote mawili yanaweza kuwa si kweli.

Halafu kuna salamu zetu. Kuanzia asubuhi mpaka jioni unaulizwa habari, nawe unajibu salama, nzuri, tunamshukuru Mungu. Ni adabu, na wala sisemi uiache. Ila jibu hilo ukilitoa mara arobaini kwa siku, hata wewe unaliamini, na jioni hakuna mahali ukweli ulipobaki.

Madaktari wa akili walilijua hili zamani. Emil Kraepelin, daktari wa Ujerumani aliyefariki mwaka 1926, alichora michoro ya hali za wagonjwa wake kwa miezi na miaka, ili aone ugonjwa unavyopanda na kushuka. Wewe unafanya kazi hiyohiyo, kwa mtu mmoja.

Hatua ya kwanza: daftari na mahali pake

Chukua daftari dogo la shule, lile la mraba la hesabu kama utalipata, maana viboksi vyake vitakufaa baadaye kuchora. Simu pia inafaa. Kuna programu za kuandikia hisia, nyingi zina vikatuni vya nyuso, unagusa tu. Mimi napenda karatasi kwa sababu haiombi bando, haiishi chaji, na haitumi mambo yangu kwa mtu nisiyemjua. Ukichagua programu, soma kwanza inahifadhi wapi unachoandika, kisha uifunge kwa namba ya siri.

Usiri usiuchukulie kirahisi. Nyumba zetu zina watu wengi, na mtu anayejua kuwa daftari lake litasomwa ataandika "salama" humo pia. Mimi nimelificha kwenye vipimo vya wateja, hakuna anayefungua nyuma. Rafiki yangu wa Mafinga anaandika kwa alama: duara tupu, duara nusu, duara lililojaa. Mume wake anadhani ni hesabu za mayai.

Hatua ya pili: tengeneza futi yako

Hapa tulia kidogo, maana ndipo watu wengi wanapoharibu. Wanaanza kuandika "leo vizuri", "leo vibaya", na baada ya mwezi wana maneno thelathini yasiyopimika.

Pima moyo kwa namba 1 mpaka 10, lakini kabla ya siku ya kwanza ziandikie maana kwa mifano ya maisha yako. Kwangu 2 ni siku niliyoshindwa kwenda kufungua kibanda, nikalala na nguo za jana. 5 ni siku nimefanya kazi, nimepika, nimelala, sina la kusema. 8 ni siku niliyojikuta naimba nikiwa nashona. 1 na 10 nimeziacha kwa siku ambazo nitazijua zikifika. Maana hizo ziandike ndani ya jalada usizisahau, kwa sababu bila hizo namba 4 ya mwezi Machi haitakuwa sawa na namba 4 ya mwezi Julai, na futi inayovutika haipimi kitu.

Kisha weka namba ya pili: nguvu. Hii sikuijua mwanzoni, na miezi miwili ya kwanza ya daftari langu haina faida kubwa kwa sababu hiyo. Mwaka 1980 mwanasaikolojia wa Marekani James Russell alieleza kuwa hisia zinaweza kupangwa kwenye mistari miwili inayokatana: mmoja unapima uzuri au ubaya wa hisia, mwingine unapima mwili umeamka kiasi gani. Angalia maana yake kwetu. Mtu mwenye moyo 3 na nguvu 2 amelemewa, hataki kuinuka. Mtu mwenye moyo 3 na nguvu 8 ana wasiwasi au hasira, mapigo yanakwenda mbio, hakaliki. Wote watakwambia "najisikia vibaya", ila dawa ya mmoja siyo ya mwingine. Wa kwanza anahitaji kuvutwa atoke nje, atembee, aonane na watu. Wa pili anahitaji kutulizwa.

Hatua ya tatu: neno moja, na mwili

Kando ya namba andika neno moja la hisia. Kiswahili hakijatunyima: huzuni, majonzi, upweke, kinyongo, hofu, wasiwasi, aibu, kujuta, kukata tamaa, kuchoshwa, utulivu, shukrani, matumaini. Usikimbilie "stresi" kila siku. Stresi ni kapu, tia mkono uone ndani kuna nini. Mara nyingi mimi nilipotia mkono nilikuta aibu ya kudaiwa.

Neno lisipokuja, andika mwili unavyosema. Kwetu huku mtu anaweza kukaa na sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito, mwaka mzima asiseme ana huzuni, atasema kichwa kimejaa, moyo unawaka, mwili wote mzito, tumbo linacheza. Andika hivyohivyo. Mhudumu wa afya mwenye sikio ataelewa.

Hatua ya nne: vitu vya kuandika pembeni

Visizidi vinne. Nilianza na kumi, nikaacha ndani ya siku nane.

Usingizi usiuache kamwe: saa uliyolala na saa uliyoamka, na kama uliamka katikati. Wazee wa Rungwe wakikuamkia "Ugonile" wanakuuliza umelala, na sidhani kama kuna swali bora la kuanzia siku. Usingizi ukivurugika moyo hufuata, na moyo ukivurugika usingizi hufuata. Daftari litakuonyesha kwako kipi kinatangulia.

Viwili au vitatu vinavyobaki chagua kulingana na maisha yako. Pombe, kama unakunywa. Msimu wa ulanzi watu wa Iringa na Njombe wananielewa: kikombe cha jioni kinaleta usingizi wa haraka, lakini pombe huuvunja usingizi nusu ya pili ya usiku, na kesho yake moyo unalipa. Kahawa ya jioni, kwa sababu baada ya saa tano hivi karibu nusu yake bado iko mwilini. Umekutana na nani. Umetumia dawa gani, hata ya mafua.

Mwanamke aandike siku ya mwezi wake, ya kwanza, ya pili, na kuendelea. Wapo wanawake ambao wiki moja kabla ya hedhi huanguka kabisa, hulia, hugombana, kisha damu ikianza hali hurudi siku chache baadaye. Kuna aina kali ya tatizo hili inayotambulika kitabibu, na ili daktari alithibitishe anatakiwa awe na kumbukumbu za kila siku za mizunguko isiyopungua miwili. Daftari hapo ndicho kipimo chenyewe. Inaniuma kwamba dada zetu wengi wameitwa wakorofi miaka yote, na hakuna aliyewaambia wahesabu siku.

Na moja la baridi yetu. Kuanzia Juni hadi Agosti watu wengi wa Uyole, Makete na Njombe huingiza jiko la mkaa ndani na kufunga madirisha. Ukiona asubuhi za kichwa kuuma, kichefuchefu na uchovu zinafuata usiku wa jiko, usiite msongo wa mawazo. Inaweza kuwa hewa ya sumu ya mkaa, haionekani, na inaua. Toa jiko nje kabla ya kulala, leo hiihii.

Hatua ya tano: saa ya kuandika

Ifunge kwenye kitu unachofanya tayari kila siku. Mimi naandika nikishafunika cherehani, kabla ya kufunga mlango. Mwingine ataandika akichomeka simu kwenye chaji. Dakika mbili zinatosha. Ikizidi hapo unaandika barua.

Wiki mbili za mwanzo andika asubuhi na jioni, namba tu. Baadhi ya wenye sonona hali yao huwa mbaya zaidi asubuhi na hupata nafuu kuelekea jioni, na anayeandika jioni peke yake hataiona tofauti hiyo.

Ukisahau siku, weka mstari, uendelee. Usijaze kwa kukumbuka. Nafasi tupu nayo inasema: mimi nafasi zangu tupu zilikuwa zinakuja tatu tatu, na nilipochunguza, zilikuwa siku mbaya kuliko zote.

Huu ni ukurasa wangu wa wiki moja ya Julai, kama ulivyo:

*Jumanne. Moyo 6, nguvu 5. Kulala saa 4, kuamka saa 11. Baridi kali. Wateja wawili. Utulivu.*
*Jumatano. Moyo 3, nguvu 7. Kulala saa 4, kuamka saa 8 usiku, sikurudi. Wasiwasi, tumbo linacheza. Kesho marejesho.*
*Alhamisi. Moyo 3, nguvu 7. Kulala saa 6, kuamka saa 9 usiku. Nimelipa. Nimemfokea binti ninayemfundisha kazi, hana kosa. Aibu.*
*Ijumaa. Moyo 6, nguvu 4. Nimelala kama gogo. Chai na mama wa kibanda cha pili. Baridi bado.*

Hatua ya sita: kusoma

Wiki mbili za kwanza usisome nyuma. Ukisoma kila siku utaanza kujipangia namba. Zikiisha, kaa mahali pa utulivu na ufanye hivi.

Chora kwanza. Kwenye ukurasa wa mraba, siku zikae chini, namba zipande pembeni, weka nukta za moyo kwa kalamu ya bluu na za nguvu kwa nyekundu, ziunganishe. Macho yataona milima na mabonde kabla hujafikiri.

Kisha chukua siku tano zilizokuwa chini kuliko zote, usome siku iliyotangulia kila moja. Usiisome siku yenyewe, isome ya jana yake. Mambo mengi yanayouangusha moyo huwa yalitokea jana: usiku mfupi, ugomvi, simu ya nyumbani ya kuomba hela. Fanya hivyohivyo kwa siku tano zilizokuwa juu. Hii watu huiruka, na ndiyo yenye faida, kwa sababu inakuonyesha kinachokuinua, na kinachokuinua unaweza kukiongeza.

Mimi nilikuwa naapa kwamba ni baridi. Kila mtu hapa husema hivyo, kipupwe kinaleta unyonge. Lakini nilipochora wiki sita za Juni na Julai, baridi ilikuwepo siku za 6 na siku za 3 sawasawa. Kilichokuwa chini ya kila bonde ni Jumatano na Alhamisi, kila wiki. Marejesho ya kikoba. Nilikuwa nimechukua mkopo mkubwa kuliko cherehani yangu, na mwili ulikuwa unaanza kuogopa siku moja kabla, wakati mimi mdomoni nasema ni baridi. Sikutoka kwenye kikundi. Mzunguko uliofuata niliomba mkopo mdogo, na kila siku niliweka kando pesa kidogo kwenye kopo ili Jumatano isinikute mikono mitupu. Mabonde hayakuisha, yalipungua kina: 3 zikawa 5.

Usihukumu kwa mara moja. Jambo likitokea mara tatu au nne kabla ya siku mbaya, lishuku, kisha badilisha jambo hilo moja tu kwa wiki mbili huku ukiendelea kuandika. Ukibadilisha matatu pamoja hutajua lipi limesaidia.

Daftari likianza kukuumiza

Hutokea. Mtu anajipima kila saa, anaogopa kuona 4, anakaa na uchungu wake akiuchambua mpaka unakuwa mkubwa. Ukijiona hivyo rudi kwenye mara moja kwa siku, andika namba mbili na jambo moja lililokwenda sawa, funga. Ikiendelea, acha kwa mwezi. Waliopitia jambo zito, kufiwa, kupigwa, kubakwa, wasiandike habari za tukio lenyewe peke yao usiku. Namba zinatosha mpaka wapate mtu wa kukaa nao.

Lini uende hospitali

Wiki mbili ndicho kipimo. Ikiwa kwa wiki mbili mfululizo, karibu kila siku na sehemu kubwa ya siku, moyo uko chini au umepoteza hamu ya mambo uliyoyapenda, na pamoja na hayo usingizi umevurugika, chakula hakiliki au unakula kupita kiasi, umechoka, hushiki jambo kichwani, unajilaumu, nenda. Kuna dodoso la maswali tisa linaloitwa PHQ-9, lilichapishwa mwaka 2001, linatumika nchi nyingi. Linauliza wiki mbili zilizopita, kila swali lina alama 0 hadi 3, jumla ya juu ni 27, na kuanzia 10 mhudumu huchunguza kwa makini zaidi. Lenyewe halithibitishi ugonjwa, ila utaona kwamba mambo kadhaa linayouliza tayari unayo daftarini.

Nenda pia kama mstari umepanda isivyo kawaida: siku nne, tano, wiki, unalala kwa muda wa saa mbili au tatu tu na huchoki, maneno yanakimbia, unanunua na kuahidi mambo makubwa, watu wanakushangaa. Wengi hudhani hiyo ni baraka baada ya huzuni ndefu. Inaweza kuwa upande wa pili wa ugonjwa uleule, na mhudumu lazima aujue, kwa sababu dawa za sonona peke yake zinaweza kumzidishia mtu wa namba hizo.

Ukiandika mahali popote kwamba ni bora usiwepo, usisubiri wiki mbili. Mwambie mtu siku hiyohiyo, usilale peke yako, nenda kituo kilicho karibu hata usiku. Na ninyi mlio naye nyumbani, hasa nyumba za wakulima wa viazi na nyanya, toeni dawa za wadudu zilizoko uvunguni na stoo, mzipeleke mbali. Hatari ya saa ile ikipita mtu huweza kuishi miaka mingi, na umbali huo unaokoa.

Anzia zahanati au kituo cha afya, ukihitaji zaidi utaandikiwa rufaa, mpaka hospitali ya mkoa au Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya. Ukifika dirishani sema wazi, "Naomba huduma ya afya ya akili." Kwa mchungaji au shehe nenda pia, maombi na kliniki havigombani. Mhudumu anaweza kukupima damu, maana upungufu wa damu na matatizo ya tezi ya shingoni huleta uchovu na huzuni vilevile.

Usimpe daftari zima. Andika ukurasa mmoja: hali ilianza lini, wastani wa moyo na nguvu kwa kila wiki, saa za usingizi, siku mbaya kuliko zote na nini kilitangulia, dawa unazotumia. Ukipewa dawa endelea kuandika. Dawa nyingi za sonona huchukua wiki mbili hadi nne kabla hujaona nafuu, wakati mwingine zaidi, na wengi huziacha siku ya kumi wakisema hazifanyi kazi. Daftari litakuonyesha kama usingizi umeanza kurudi kabla moyo haujainuka, na ukipata maudhi ya dawa litasema yalianza siku gani. Usiziache ghafla bila kumwambia aliyekupa.

Ukishaielewa hali yako

Huhitaji kuandika kila siku maisha yako yote. Mimi sasa naandika Jumatano na Jumapili. Desemba ikifika narudi kila siku, kwa sababu sare za shule zinaanza kumiminika, nashona mpaka saa nane usiku, na miaka miwili mfululizo mstari wa moyo uliporomoka wiki ya pili ya Januari. Mwaka huu nimemwambia binti ninayemfundisha kazi tangu Novemba: tukifika sare sitini tunakataa nyingine, na cherehani inafunikwa saa nne. Namba hiyo ya sitini nimeiandika ndani ya jalada, chini ya maana ya 8.